Tulivyompeleka Tata Mpirani Mwanza

Tangu nirudi, kila anayeleta nguo ya kushona hapa Kaisho anataka nimsimulie habari za Mwanza. Kila mmoja namsimulia kipande, kwa sababu siwezi kushika suruali ya mtu mchana kutwa huku napiga hadithi. Matokeo yake habari zimechanganyika. Kuna anayesema tulilala porini, na mwingine amesikia Tata aligombana na mashabiki. Basi nimekaa nikaandika yote, kuanzia tulipotoka nyumbani. Asome mwenye nafasi, na asiyeweza asomewe.

Tulisafiri watatu. Mimi, binti yangu Koku ambaye ana miaka kumi na moja, na Tata, baba yangu mzazi, mzee wa miaka sabini na kitu ambaye alikuwa hajawahi kufika mbali kuliko Bukoba. Mume wangu Sospeter alibaki na ng'ombe. Tulikuwa tunakwenda kwa kaka yangu Renatus, fundi wa kuchomelea mageti, aliyepiga simu kusema kwamba timu ya mama inakuja kucheza Mwanza na yeye ameshatutafutia nafasi uwanjani.

Nieleze kidogo hilo neno, timu ya mama. Mama alikuwa shabiki wa timu moja kubwa ya Dar es Salaam, ile ya jezi za zambarau. Tata alikuwa upande wa wapinzani wao. Walikaa na ubishi huo tangu kabla mimi sijazaliwa, na sikuwahi kuona siku mmoja wao amelegeza. Mama alifariki mwaka jana, kahawa ikianza kuwa nyekundu, na tangu hapo Tata hakufuatilia mpira tena. Ukimuuliza nani kashinda, anakwambia hajui.

Renatus alitaka mzee atoke kidogo aone watu. Mimi nilikuwa na wasiwasi. Kumchukua mtu mwenye msiba ukampeleke akaitazame timu ya marehemu mkewe, timu ambayo yeye mwenyewe hakuipenda hata siku moja, niliona kama ni kumtonesha. Nilimuuliza mara tatu kama kweli anataka kwenda. Mara mbili za kwanza aliitika tu. Mara ya tatu aliniangalia akasema, "Nataka nione mama yako alikuwa anapenda nini."

Sikuuliza tena.

Kaisho mpaka Nkwenda

Tulitoka Ijumaa mchana, na tulichelewa kabla hata hatujaondoka. Tata alikuwa anamwonyesha Sospeter jinsi ya kugeuza kahawa kwenye mkeka. Sospeter anageuza kahawa ile mwaka wa kumi na tano sasa, lakini alisimama akasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kila kitu. Kisha Tata akaenda shambani akarudi na mkungu wa ndizi begani, mkungu mkubwa ambao ungetosha harusi ndogo. Alisema Renatus hawezi kuletewa mikono mitupu. Dereva wa gari ndogo aliyetufuata aliuangalia ule mkungu, akaangalia buti lake lililojaa maharage ya watu, akasema haiwezekani. Wakazungumza Kinyambo kwa muda mrefu, wakagundua kwamba bibi yake dereva anatoka ukoo wa Tata, na mkungu ukakaa kiti cha mbele. Tata mwenyewe alikaa nyuma na sisi.

Nkwenda tuliikuta imejaa. Ilikuwa siku ya soko, na nyumba ya wageni tuliyopata ilikuwa na wanunuzi wa mazao karibu kila chumba. Jamaa mmoja mnene mwenye kalamu sikioni alimwona Tata akipita na mkungu, akamfuata mpaka mlangoni. Alimwamkia vizuri, akamuuliza mzigo wake uko wapi na kama umekauka. Tata akadhani anaulizwa kuhusu begi. Akamwambia mzigo ni huu, na haujakauka kwa sababu nguo zilinyeshewa juzi. Mnunuzi akauliza ni magunia mangapi. Tata akamwambia ni shati mbili na koti. Walikaa hivyo, kila mmoja akimwona mwenzake ni mtu wa ajabu, mpaka Koku alipocheka akawaeleza. Yule mnunuzi alikaa akala chakula na sisi. Aliposikia tunakwenda mpirani Mwanza na mzee, alisema yeye amekaa Mwanza miaka sita na hajawahi kuingia uwanjani hata mara moja, kazi tu.

Nkwenda mpaka Bukoba

Basi linalotoka mpakani Murongo lilitupitia alfajiri. Tata alipewa dirisha. Alifunga koti vifungo vyote akakaa wima kama yuko kanisani, na hakulala hata dakika moja. Kila kituo alitaka kujua jina lake, na jina likimjia kichwani anatuambia ni mchezaji gani alitokea hapo. Tulipovuka mto Kagera pale Kyaka alisimama kabisa ili auone pande zote mbili. Konda akamwomba akae.

Jirani yetu upande wa pili wa njia alikuwa dada mmoja anayefanya biashara ya vitenge, anarudi kwao Geita. Tata alitoa mfukoni kikaratasi chake cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa, akampa punje tatu kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa kwetu. Dada akashukuru sana, akazitia mdomoni zote, akafungua chupa ya maji akazimeza. Kisha akauliza ni mara ngapi kwa siku.

Tata alinigeukia akaniuliza kwa Kinyambo huyu binti anaumwa nini. Nilipomweleza dada kwamba kahawa ile inatafunwa taratibu na si dawa, aliona aibu, kisha akacheka mpaka akashika kiti cha mbele. Alisema alimwona mzee mtu mzima, amevaa koti, ametoa vitu kwenye karatasi kwa heshima, akajua ni mganga. Tata akampa punje nyingine akamfundisha. Akatafuna, akakunja uso, akasema bado anaona ni dawa.

Karibu na Bukoba ziwa lilipotokea, Koku alishika kioo kwa mikono miwili. Aliuliza kama Mwanza ndiyo ile ng'ambo. Nikamwambia ng'ambo haionekani. Akauliza sasa tunajuaje kama ipo. Tata akamjibu kwamba ipo, ameisikia mara nyingi. Halafu akaanza kutueleza uwanja wa Mwanza ulivyo, kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa hapo. Alisema uko ufukweni kabisa. Upepo wa ziwani ukivuma, mpira wa juu unapotea, na ukitoka nje upande mmoja unaangukia majini, ndiyo maana wanakaa na mipira mingi. Nilimuuliza nani kamwambia habari za mpira kuangukia majini. Akasema mtangazaji wa redioni alitaja upepo wa ziwani, mengine yanajulikana tu.

Muleba mpaka Biharamulo

Tulipita Muleba vizuri. Tulinunua nanasi dirishani tukala, na Tata akasema ni tamu lakini la kwetu lina harufu zaidi. Haukupita muda, basi likatoa mlio wa kitu kinachokatika, dereva akaliegesha pembeni.

Ulikuwa mkanda wa injini. Konda alisema ni dakika kumi. Baadaye alikodi pikipiki akarudi Muleba kutafuta mkanda mwingine, akaleta ambao si wenyewe, akarudi tena. Tulikaa pale tangu saa saba mpaka jua linashuka. Watu walitandika kanga chini ya miti. Dada wa vitenge alifungua furushi lake akaanza kuuza, na wanawake wawili walinunua. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya saa. Mechi ilikuwa kesho yake saa kumi jioni, na kutoka pale mpaka Mwanza bado kulikuwa mbali. Nilimpigia Renatus, akasema kama tukikosa tumekosa, cha muhimu tufike salama. Lakini sauti yake haikuwa hivyo.

Wakati naongea na simu ndipo nilipogundua Tata hayupo.

Nilizunguka basi, nikauliza watu, hakuna aliyemwona. Konda alikuwa ameshafika na mkanda wa pili, na huu ulikuwa unaingia. Dereva akaanza kuita abiria. Nilimwacha Koku kwenye ngazi ya basi nikamwambia asikubali mlango ufungwe, nami nikakimbia njia ndogo iliyoingia mashambani. Nilimkuta kwenye shamba la migomba, koti amelitundika kwenye mti, panga la mwenyeji liko mkononi mwake. Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo, amesimama pembeni na watoto wake. Migomba yake ilikuwa imeshikwa na mnyauko, na Tata alikuwa anamwonyesha jinsi ya kulichoma panga kwenye moto kila baada ya kukata mgomba mmoja, ili ugonjwa usihamie kwenye mwingine.

Nilimwambia kwa hasira kidogo kwamba gari linatuacha. Hakuharakisha. Alimaliza kueleza, akarudisha panga, akachukua koti, akamuaga yule mama. Njiani aliniambia mama yangu asingemsamehe angepita migomba ile bila kusema kitu. Hapo tu ndipo alipomtaja kwa hiari yake siku ile.

Basi lilifika Biharamulo giza linaingia, na dereva akasema haendelei mpaka asubuhi. Kwa hiyo hatukulala porini. Tulilala Biharamulo, kwenye vitanda, na tulikula ugali wa muhogo na samaki. Tata aliumaliza wote. Nilipomuuliza ameuonaje, alisema unashikilia tumbo, ila chakula, yaani ndizi, atakula akifika kwa Renatus.

Biharamulo mpaka Mwanza

Jumapili tuliondoka mapema. Kupitia Chato mpaka Geita hakuna aliyezungumza sana, nadhani wote tulikuwa tunasikiliza injini. Dada wa vitenge alishuka Geita. Alimpa Tata kitambaa cha mkononi, naye Tata akamwachia kahawa yote iliyobaki.

Pale Busisi Tata alikuwa amejiandaa kupanda kivuko. Alikuwa ameulizia tangu Nkwenda kama magari yanafungwa kamba yakiwa majini. Nilikuwa nimemwambia kuna daraja sasa, lakini nadhani alifikiri ni daraja kama la Kyaka, unapita ukipepesa macho. Basi lilipoanza kupanda juu ya maji likaenda, likaenda, na maji bado yako pande zote, watu walisogea madirishani. Abiria wengine walitoa simu wakapiga picha. Koku alikuwa anauliza mwisho uko wapi. Tata alikuwa amevua kofia ameiweka magotini. Tulipofika ng'ambo aliirudisha kichwani, akasema waliojenga hili walikuwa na moyo, kumwaga zege mahali ambapo huoni chini.

Tulifika stendi ya Nyegezi saa tisa kasoro. Renatus alikuwa amesimama pale tangu asubuhi, jasho linamtoka. Hakukuwa na nafasi ya kwenda nyumbani kuoga. Tulikwenda uwanjani moja kwa moja kama tulivyo, na vumbi letu, na mkungu wetu.

Kirumba, uwanjani

Getini askari alituangalia sote tukapita, kisha akauona mkungu. Alisema chakula hakiingii. Tata akamweleza kwamba huo si chakula, haujamenywa wala haujapikwa. Askari akacheka lakini hakukubali. Mwishoni tuliuacha kwa mama mmoja muuza karanga aliyekaa nje ya geti, ambaye hatumjui wala yeye hatujui sisi. Tata alisema ana uso wa mtu wa kuaminika. Nami niseme hapa hapa kwamba tulipotoka tulimkuta ameufunika kwa kanga yake usipigwe jua, na Tata akamkatia chana nzima.

Nafasi alizopata Renatus zilikuwa katikati ya mashabiki wa zambarau, maana ndiyo timu ya mama. Tata alikuwa na shati lake jeupe la kanisani. Na timu ya Mwanza inavaa nyeupe. Tulipokuwa tunapita kutafuta pa kukaa, vijana wakaanza kumwambia mzee umepotea, wenzako wako kule. Walisema kwa utani, lakini mmoja alizuia njia. Tata alisimama mbele yake.

"Mimi sina upande," alimwambia. "Nimekuja kuangalia timu ya mke wangu."

Kijana akauliza mke yuko wapi, wampishe. Tata akasema amefariki. Yule kijana alivua skafu yake ya zambarau kwa heshima, akamshika Tata mkono akampeleka mpaka kwenye kiti, akawasogeza watu ili na sisi tupate. Huo ndio ugomvi na mashabiki mliousikia.

Uwanja haukuwa ufukweni. Tata aliligundua hilo mapema na hakulizungumza. Alichouliza ni mtangazaji amekaa wapi. Renatus akamwonyesha jukwaa la ng'ambo, juu kabisa, akamwambia wako kule ndani. Tata akauliza sauti yao inatokea wapi. Renatus akamwambia haitokei, ukiwa uwanjani kila mtu anajionea mwenyewe. Tata alitazama kule juu muda mrefu, kama mtu aliyefika kwa ndugu akakuta mlango umefungwa.

Mpira ulianza, na ndani ya dakika chache nilijua tumekosea kumleta. Alikuwa hauoni. Macho yake ni mazima, lakini hakujua ayapeleke wapi. Akimtazama kipa, mpira uko kona. Akiufuata kona, umesharudi katikati. Majina ya wachezaji aliyajua yote, lakini sura hakuijua hata moja. Aliniuliza kushoto mwa redio ni wapi. Wanaosikiliza mpira redioni wanajua, watangazaji husema timu fulani inashambulia kutoka kulia kwenda kushoto mwa redio yako. Nikamwambia hapa hakuna redio, Tata.

Wa Mwanza walifunga kabla ya mapumziko. Tata alikuwa anatazama upande mwingine. Koku, ambaye mpira ameuona kwenye kibanda cha video tu, alimshika babu yake mkono akamtuliza.

"Subiri, Babu, watarudia."

Hawakurudia. Koku alisubiri, akaangalia huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ndiyo basi. Nikamwambia ndiyo basi, huku kitu kikipita kimepita. Tata alisikia. Wakati wa mapumziko Renatus alileta soda na mihogo, Tata akasema hana njaa. Aliuliza kwetu ni mbali kiasi gani kutoka pale.

Upande wa kulia wa Tata alikaa mzee mmoja wa Kisukuma, mwembamba, ana fimbo. Tulikuwa tumeamkiana tu. Kipindi cha pili kilipoanza aliinama mbele ya Tata akaniambia, "Samahani binti yangu, mpira anao nani?"

Alikuwa anaitwa mzee Masalu. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mpaka pale nyasi zinapoanza, zaidi ya hapo ni rangi zinatembea. Mwanawe ndiye aliyekuwa anakuja naye na kumsimulia kila mechi, lakini amehamishiwa kazi Shinyanga, na siku hiyo mzee alikuja na majirani ambao walikuwa wanashangilia tu. Nikamwambia mpira anao yule mwenye viatu vya njano. Akauliza ni wa timu gani. Nilipomaliza kujibu mpira ulikuwa umeshatoka nje. Nikajaribu tena. Nikasema wanakimbia kule, sasa wanarudi, ameanguka mmoja. Mzee Masalu alikuwa mpole, alinishukuru kwa kila neno, lakini nilijiona kabisa nampa makapi.

Tata alivumilia dakika kama tano.

"Huyu hajui," alimwambia mzee Masalu bila kunitazama. "Ngoja." Akasogea mbele kwenye kiti, akaweka viganja magotini. "Mpira wanao wazambarau. Wanaurudisha migombani."

"Migombani wapi?" mzee Masalu akauliza.

Tata akamshika mkono akaunyoosha kushoto. "Huku ni migombani." Akauzungusha mpaka kulia. "Huku ni jikoni."

Mzee Masalu akasema ameelewa.

Renatus alinigeukia akaniangalia, kwa sababu sisi wawili tu ndio tuliojua maana yake. Redio ya nyumbani ilikuwa inakaa dirishani. Kushoto kwake ni migomba, kulia ni jiko la nje, ambako mama alikuwa anapika saa za mechi. Redio yenyewe haikuwa na sauti ya kufika jikoni. Kwa hiyo Tata alikuwa anakaa dirishani anasikiliza, na anampigia kelele mama uwanja mzima kupita ua: sasa wanakuja kwako jikoni, sasa wamerudishwa migombani, kona, kipa kadaka. Tulikua na sauti hiyo. Mimi nilikuwa nafikiri kila nyumba ina baba anayetangaza.

Sasa alikuwa anatangaza tena, na ajabu ni kwamba alipoanza kumsimulia mwingine, na yeye alianza kuona. Sauti yake ilipanda. Beki wa kulia anaukokota, anavuka katikati, anatafuta mtu, anampata, ananyang'anywa, umepotea. Koku alimsogelea, anamwambia namba za mgongoni, naye anazigeuza majina. Watu wa safu ya mbele waligeuka kumtazama, kisha wakaacha kugeuka, wakawa wanasikiliza huku wanaangalia. Yule kijana wa skafu alihama kutoka alipokuwa akaja kukaa kwenye ngazi karibu yetu.

Kuna jambo moja zaidi la huo utangazaji wa nyumbani. Timu ya mama ikifunga, Tata alikuwa hasemi. Alikuwa ananyamaza tu, ghafla, katikati ya sentensi, kwa sababu hakutaka kumpa mama raha hiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Na mama akiusikia ule ukimya, anajua. Alikuwa anaacha mwiko kwenye chungu, anatoka mlangoni mwa jiko, anapiga kigelegele.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Wazambarau walipata kona. Tata akamwambia mzee Masalu ni kona ya jikoni, inapigwa na yule mfupi wa mguu wa kushoto, wamejaa langoni, inakuja juu, inakuja...

Akanyamaza.

Uwanja upande wetu ulilipuka. Watu walikuwa wamesimama, wanakumbatiana, soda zinamwagika. Tata alikuwa amekaa vile vile, viganja magotini, mdomo wazi kidogo. Mzee Masalu alimshika goti akalitikisa. Aliuliza imeingiaje, mbona umenyamaza, imeingiaje.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilipiga kigelegele, kirefu, kama cha mama, mpaka pumzi ikaisha.

Tata aligeuka akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. Kisha akamwinamia mzee Masalu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia akitangaza goli la timu ile.

"Kwa kichwa," alisema. "Wameifunga kwa kichwa. Goli zuri sana."

Mechi ikaisha goli moja kwa moja.

Kurudi

Tulikaa kwa Renatus siku mbili. Tulikula ndizi za ule mkungu kwa maharage, Renatus akala mpaka mkewe akamwondolea sahani. Tulimpeleka Koku ziwani akaingiza miguu. Jumatatu jioni mzee Masalu alikuja kutembea, maana kumbe haishi mbali, na wazee wawili walikaa nje ya nyumba wakabishana kuhusu ile kona mpaka chai ikapoa.

Jumanne asubuhi tulikwenda stendi. Tata alibeba begi letu mwenyewe. Alitutafutia viti, akamweka Koku dirishani, akaweka begi juu, kisha akashuka akasimama chini karibu na dirisha. Nikamwambia apande, gari litaondoka. Hapo ndipo nilipoona kwamba begi lake yeye halikuwepo.

Aliniambia kesho Jumatano timu ya Mwanza inacheza tena, na mzee Masalu hana wa kumsimulia. Jumapili nayo kuna nyingine. Nikamkumbusha kahawa iko mkekani. Akasema Sospeter anaijua kazi. Nikamwambia ana shati mbili tu. Akasema Renatus anazo nyingi. Nikamtazama Renatus, naye akawa anasoma maandishi ya ubavuni mwa basi, nikajua wamepanga wote.

"Tata, utarudi lini?" nilimuuliza.

Alifikiri kidogo. "Wacha nione ligi inakwendaje," alisema.

Konda alipiga ubavu wa basi, tukaondoka. Koku alimpungia mkono mpaka kona. Sikujua nilie au nicheke, nikajikuta nafanya vyote, na daraja la Busisi nililivuka bila kuliona.

Geita watu wengi walipanda. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na kapu alipita akitafuta nafasi, akasimama kwenye kile kiti kilichokuwa wazi kati yangu na njia. Akaniuliza kama kina mtu.

Nikamwambia kilikuwa na mwenyewe, lakini amebaki mpirani, akae tu.